Dozi ya Mheshimiwa

Tuseme ukweli mapema ili tusigombane baadaye: gari lilikuwa zee. Si la zamani kwa ile maana ya kupigwa picha na kusifiwa. Lilikuwa zee la kukohoa asubuhi na kuchagua njia. Mbele lilikuwa na viti viwili, na injini imefichwa chini ya viti hivyohivyo, hivi kwamba ukitaka kuiona unamwondoa abiria kwanza. Nyuma kulikuwa na jiko la gesi la pleti mbili, karo la kuoshea vikombe viwili na si vitatu, meza inayokunjuliwa ikawa kitanda, na paa linaloinuliwa kwa mikono ili mtu asimame bila kugonga utosi. Ni gari la kusafiri na kulala humohumo. Watu wa mtaani waliliita Mheshimiwa, kwa kuwa lilichelewa kila lilikokwenda, lilipofika kila mtu alisogea, na halijawahi kuomba radhi.

Wenye Mheshimiwa walikuwa wanawake wawili, mtu na wifi yake. Aliyelinunua alikuwa mpima ardhi, mtu aliyezoea kulala porini kwa kazi mpaka akastaafu na bado hataki kulala nyumbani. Alifariki miaka miwili iliyopita, kitandani kwake, si njiani, jambo ambalo angelinung'unikia sana kama angepewa nafasi. Aliacha karatasi: gari ni la mke wangu na dada yangu, nusu kwa nusu. Hebu niambieni, gari linagawanywaje nusu kwa nusu? Mmoja achukue usukani na mwenzake jiko? Lakini ndivyo alivyoandika, na maneno ya marehemu hayana rufaa.

Mke ndiye Mama Dozi. Jina hilo alilipata kwenye dirisha la dawa la hospitali, ambako alikaa miaka thelathini na mmoja akiwaambia watu neno lilelile: maliza dozi hata ukijisikia nafuu. Dada wa marehemu aliitwa Bi Mwiko. Yeye alipika katika shule ya bweni miaka ishirini na minane, wanafunzi mia nne kila siku, na hajawahi kupima kitu maishani. Huonja, hutia, huonja tena, hutia tena. Mmoja anahesabu vidonge, mwenzake anamimina kwa jicho. Mngewaona barabarani mngesema hawa hawafiki, na kwa kweli mara nyingi hawakufika. Waliishia mahali pazuri kabla ya walikokuwa wanakwenda, wakatandika, wakapika, wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Sasa kulikuwa na jambo moja. Baada ya msiba, kaka mkubwa wa marehemu, karani mstaafu wa mahakama, mtu asiyeweza kunywa chai bila kuandikishana, aliwaita wote wawili akawawekea karatasi mezani. Iliandikwa hivi: siku gari litakapozimika barabarani likashindwa kuendelea kwa nguvu zake lenyewe, litauzwa, na kila mmoja ashike njia yake. Mteja alikuwa amekwisha kumpata, jamaa aliyetaka kulikata dirisha ubavuni auzie makava ya simu. Bi Mwiko alichukua kalamu akasaini mbiombio. Mama Dozi alipouona ule mwendo wa kalamu, moyo ulimshuka. Akajisemea, kumbe wifi yangu anatafuta mlango wa kutokea. Akasaini naye, kwa aibu tu.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto. Kamba iliyomfunga na ukoo ule ilikuwa imebaki moja, nayo ilikuwa na magurudumu manne. Kila Ijumaa ya pili Bi Mwiko alifika na mfuko begani, akagonga geti kwa ufunguo, akauliza, "Wifi, mgonjwa ameamkaje?" wakaondoka. Gari likifa atakuja kufuata nini? Nani anamfuata mjane wa kaka yake, asiye hata na mtoto wa kumwita yeye shangazi? Mama Dozi alimpenda wifi yake, alimpenda sana, na hajawahi kumwambia, maana hayo si maneno ya kumwambia mtu anayekucheka ukikimbia. Kwa hiyo Mheshimiwa asife. Hilo ndilo alilolitaka duniani, na mengine yote aliwaachia wenye nguvu.

Kazi za gari waligawana ili kuepusha ugomvi. Bi Mwiko alishika vya ndani. Alisuuza tangi la maji kwa magadi, alipaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi aone kama linatoa mapovu, alikagua paa mahali linapokutana na bati na kuziba kila ufa kwa gundi, kwa sababu mvua moja ya mwaka jana iliwaingilia kitandani wakaamka wameloa kama watoto wachanga. Mama Dozi alishika vya chini: matairi, breki, maji ya rejeta, vichwa vya betri ambavyo aliviosha kwa maji ya moto na kuvipaka grisi, na oili. Hasa oili. Mheshimiwa alikuwa mnywaji mashuhuri, na marehemu alikuwa amebandika kadi ndani ya kabati la dashibodi kwa mwandiko wake mzuri wa kupimia viwanja: *Oili, nusu lita kabla ya kila safari.*

Mtu mwingine yeyote angejiuliza maswali. Angekumbuka kwamba marehemu akisema safari alimaanisha mwezi mzima porini, si siku mbili za kwenda kula mayai kando ya mto. Angekumbuka pia kwamba mwaka wake wa mwisho injini ilifunguliwa ikatengenezwa upya. Lakini Mama Dozi alikuwa mtu wa dirishani. Cheti kimeandikwa na daktari, na wewe wa dirishani kazi yako ni kutoa kilichoandikwa, si kumsahihisha daktari, tena daktari aliyekwisha kufa. Alichomoa kile kijiti cha kupimia, akakifuta, akakichovya, akaona oili imepanda juu ya alama. Je, alishtuka? Hata. Alifurahi. Akasema dawa imeanza kufanya kazi, sasa tusiikatize.

Na si hilo tu. Hofu ni kitu kibaya. Ndani ya mfuko wake wa kufumia, chini ya nyuzi za sweta ambalo halikuwa na dalili ya kuisha, alificha chupa ya pili. Kila jioni walipoegesha, Bi Mwiko akaenda kuoga, yeye aliinua kiti haraka, akammiminia Mheshimiwa nusu lita nyingine, akashusha kiti, akachukua sindano zake za kufumia, uso mkavu. Aliona haya kidogo. Kumpa mgonjwa dozi mara mbili ni kosa ambalo angemfukuzia mtu kazi.

Safari ninayoisimulia ilikuwa ya kwenda kwenye chemchemi za maji moto, mwendo wa siku mbili, mbali kuliko walivyowahi kwenda peke yao. Siku ya kwanza ilikuwa tamu mno. Kulikuwa na jua, barabara kavu, redio inashika stesheni moja tu na stesheni yenyewe inasoma bei za vitunguu, na Bi Mwiko akaziimba zile bei kama wimbo wa harusi. Mlima wa kwanza walipitwa na muuza mikate mwenye baiskeli. Aliwapita polepole, kwa heshima, akawaamkia. Bi Mwiko akamwuliza kama amekula. Akasema bado. Basi Bi Mwiko akamenya yai la kuchemsha, akalitia chumvi, akampa kupitia dirishani, na muuza mikate akalila akiwa palepale ubavuni mwao, wanaenda sambamba, mpaka akamaliza, akashukuru, akawaacha.

"Wifi, tumeachwa na mtu anayetafuna," Bi Mwiko alisema.

"Usinichekeshe, nitaacha barabara."

"Hata ukiiacha, kwa mwendo huu tutaikuta ilipo."

Mama Dozi alicheka mpaka machozi yakamziba macho, ikabidi ashike usukani kwa viwiko apanguse. Jioni waliegesha nyuma ya kituo cha mafuta, mahali safi, pana bafu. Bi Mwiko akaenda kuoga. Unajua kilichofuata kwenye kiti.

Asubuhi Mama Dozi alitoka kunyoosha magoti, nusu saa kila siku, agizo la daktari wake yeye sasa. Aliporudi akakuta chai tayari na mkate umepakwa siagi. Mkate ulikuwa na harufu kidogo ya gereji. Alimtazama wifi yake, wifi yake akatazama dirishani. Akadhani labda ni jiko, lile jiko linahitaji kusuguliwa. Akala mkate wake.

Saa nne ikawakuta kwenye mlima mkubwa. Mama Dozi alitia gia ya kwanza, akamwomba Mheshimiwa kwa majina yake yote. Walipofika katikati, Bi Mwiko aliacha kuimba.

"Wifi, nyuma yetu kuna wingu."

Mama Dozi akatazama kioo. Barabara haikuonekana. Moshi wa buluu, mzito, ulikuwa umejaza mlima wote, na ndani yake honi zinalia kama mifugo iliyopotea. Basi moja lilichomoza kutoka kwenye moshi likawapita, abiria wamebana pua, kondakta ametoa mkono nje anawapungia kwa namna ambayo haikuwa ya kuaga. Mheshimiwa akaanza kupiga mwayo. Akakohoa, akatetemeka, akajikokota, na juu kabisa mlimani, magurudumu ya nyuma yakiwa ndiyo kwanza yamevuka kilele, akazimika.

Pakawa kimya. Mama Dozi aliikumbuka ile karatasi. Akawaza: ndiyo hii siku. Lakini gari halikusimama. Uzito wa jiko, matandiko, maji lita arobaini na sufuria tano za Bi Mwiko ulilisukuma kidogo, halafu kidogo zaidi, na likaanza kuteremka, taratibu, bila sauti, kama mtu anayetoroka mkutanoni. Chini kulikuwa na mji mdogo, na upande wa kushoto wa mji huo kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu: GEREJI.

"Usikanyage breki," Bi Mwiko alisema kwa sauti ya chini. "Likisimama hapa limezimika barabarani. Tulifikishe gereji. Gereji si barabara."

"Karatasi inasema kwa nguvu zake lenyewe."

"Na uzito wake ni wa nani? Wa jirani?"

Mama Dozi aliwaachia wanasheria hilo. Alishika usukani uliokuwa mgumu kuliko siku zote, akaachia breki, akaachia na pumzi. Waliingia mjini kimyakimya wakisindikizwa na moshi wao. Walipita duka la vyombo, kinyozi akaacha kichwa nusu akatoka kutazama. Wanaume wawili waliobeba godoro wakakimbilia huku, wakarudi kule, kisha wakalitupa godoro na kupanda juu yake. Bi Mwiko alikuwa ametoa kichwa dirishani anawaamkia wote, "Habari za asubuhi, tunapita, samahani, hatuna breki za kupoteza," na Mama Dozi, mjane wa miaka sitini na mitatu, mwenye presha, alihisi kicheko kinampanda tumboni wakati huohuo anaoogopa kuliko siku zote za maisha yake. Wakakata kona. Mwendo ukapungua. Geti la gereji lilikuwa wazi, lakini mbele yake palikuwa na kijimwinuko kidogo. Wote wawili waliinama mbele kwenye viti vyao, kana kwamba pua zao zingesaidia. Mheshimiwa akapanda, akapanda, akasimama: magurudumu ya mbele ndani ya geti, ya nyuma nje.

"Nusu kwa nusu," Mama Dozi akasema, na hapo ndipo walipoangua kicheko.

Mwenye gereji alitokea chini ya lori akijifuta mikono. Alikuwa mwanamke wa makamo, ovaroli limewekwa viraka magotini, na alipofika hakuwatazama wao kabisa. Aliweka kiganja kwenye bati la gari. "Pole, baba," akaliambia. "Umetoka mbali, pole sana." Kumbe ndivyo alivyo, anayapa magari pole kabla hajayafungua, na mji mzima unamwita Fundi Pole. Alilizunguka, akainama kwenye ekzosi, akanusa, akakunja uso.

"Moshi wa buluu ni oili inaungua," alisema. "Kama ni pistoni zimekwisha, mama zangu, sitawadanganya. Injini ya namna hii siku hizi haipatikani. Itakuwa ndiyo mwisho wake."

Mama Dozi aliacha kucheka. Simu ikalia mkobani. Hakuhitaji kuitazama. Shemeji yake Karani alipiga kila siku saa sita kasoro kuuliza swali moja: bado linakwenda? Akaiacha ilie mpaka ikachoka.

Fundi Pole aliinua kiti, akachomoa kile kijiti cha oili, akakishika kwenye mwanga. Akakifuta, akakichovya tena, akakitazama tena. Akageuka.

"Nani anampa oili huyu?"

"Mimi," Mama Dozi alisema, akajinyoosha. "Nusu lita kila safari. Nina cheti." Akamwonyesha kadi ya marehemu.

"Safari ngapi tangu oili ibadilishwe?"

"Tatu. Na hii ya nne."

Fundi Pole alirudisha kijiti mahali pake. Alivuta beseni, akaingia chini, akafungua nati. Oili ikashuka. Ikashuka na kushuka. Beseni likajaa, akaita la pili, nalo likajaa, na bado Mheshimiwa anaendelea kutapika, mpaka Bi Mwiko akakimbilia nyuma akaleta sufuria yake kubwa kwa mikono yake mwenyewe. Fundi alipotoka chini uso wake ulikuwa na madoa meusi.

"Injini hii inachukua lita nne. Hapa zipo zaidi ya tisa. Oili ikizidi hivyo inapigwapigwa humo ndani inakuwa povu, inapanda isikotakiwa, inaungua. Ningeshangaa kama asingetoa moshi." Akakung'uta mikono. "Sasa, mama yangu, nusu lita mara nne ni lita mbili. Nne na mbili ni sita. Hizi nyingine zimetoka wapi?"

Palikuwa na kimya cha kliniki. Mama Dozi alikijua vizuri kimya hicho, amekisikia mara elfu upande ule mwingine wa dirisha, wakati mgonjwa anapoulizwa kama kweli alikunywa dawa alivyoambiwa.

"Nilikuwa nampa nyingine jioni," akasema polepole. "Wifi akienda kuoga. Nusu lita. Chupa iko kwenye mfuko wa kufumia."

"Kila safari?"

"Kila safari. Niliogopa."

"Hiyo ni lita mbili nyingine. Jumla nane." Fundi Pole alitazama sufuria. "Bado kuna lita na ushee haina mwenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Semeni tu."

Mama Dozi akageuka. Bi Mwiko alikuwa amechuchumaa mbele ya tairi la nyuma, analichunguza kwa bidii kubwa sana, mwanamke ambaye hajawahi kugusa tairi tangu azaliwe.

"Wifi," Mama Dozi akamwita.

"Hili tairi ni zuri."

"Wifi."

Bi Mwiko akainuka, akajipangusa magoti. "Kidogo tu," akasema. "Asubuhi, ukienda kunyoosha miguu. Nilikuwa nachungulia, naona mbona kama imepoa rangi, haina uzito. Natia kidogo."

"Kidogo kiasi gani?" aliuliza fundi.

"Upawa mmoja."

"Upawa wa nyumbani au wa shule?"

Bi Mwiko akalitazama tena lile tairi. "Wa shule," akasema.

Fundi Pole alikaa kwenye beseni lililopinduliwa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Manahodha wengi, chombo huenda mrama," akasema akijifuta machozi na kuzidi kujichafua. "Huyu mzee hana ugonjwa wowote, mama zangu. Injini ni nzima kabisa, imetengenezwa vizuri na mtu anayejua kazi, wala haili oili hata tone. Mmemshibisha tu. Mmembebisha tumbo hili mpaka mlimani." Akainuka, akaenda kutafuta oili mpya na chujio, akaliambia gari pole kwa mara nyingine.

Mawifi wakabaki wanatazamana, mikono yao myeusi. Mama Dozi alijaribu kuweka uso wa kazini, akashindwa. Alianza yeye, mwenzake akamfuata, wakaegemeana kwenye mlango wa Mheshimiwa wanacheka bila sauti, mabega yanatikisika, mpaka kinyozi aliyewafuata kwa udadisi akarudi zake kwa mteja wake. Kisha kicheko kikapungua, na Mama Dozi akajikuta anauliza kitu ambacho hakupanga kukiuliza.

"Lakini wewe si ulitaka liuzwe?"

"Mimi?"

"Ulisaini mbiombio. Nilikuona. Kalamu haikugusa hata meza."

Bi Mwiko alimtazama kama ametukanwa. "Nilisaini mbiombio kwa sababu ulikuwa unatazama saa. Dakika zote zile kaka anasoma, wewe unatazama saa. Nikasema, huyu amechoka na sisi. Kaka yangu hayupo, ana haki ya kwenda zake, nisimcheleweshe." Akaokota kitambaa, akaanza kujifuta kidole kimojakimoja. "Nikawa nawaza, ilimradi hili gari linakwenda, nina sababu ya kugonga geti lako. Likifa nitakuja nikwambie nini? Nimekuja kuonja chumvi? Ndiyo nikawa natia. Usiku nalala nawaza oili, wifi. Mimi, oili."

"Nilikuwa natazama saa kwa sababu nilikuwa sijui nitazame wapi," Mama Dozi alisema. "Nikiwatazama ninyi nitalia."

Wakati huo simu ikalia tena. Safari hii Mama Dozi aliitoa, akaipokea kwa vidole viwili vichafu. Sauti ya Karani ilisikika mpaka kwa fundi.

"Shemeji, nimepiga haikupokelewa. Gari bado linakwenda?"

Bi Mwiko akatikisa kichwa kwa nguvu, akaonyesha geti, magurudumu, mteremko, ushahidi wote wa utetezi. Mama Dozi akampa mgongo.

"Lilizimika, shemeji," akasema. "Barabarani. Kileleni kabisa."

"Ahaa." Upande wa pili karatasi zilisikika zinafunuliwa. "Basi pole, lakini mnakumbuka makubaliano. Yule mteja bado yupo. Nimwambie lini?"

"Mwambie atafute kitu kingine cha kukata dirisha. Makubaliano yalikuwa ya watu wawili, shemeji, na wote wawili wapo hapa, wamepakaa oili mpaka viwikoni, na hakuna hata mmoja anayeuza."

"Lakini mlisaini."

"Tulisaini. Kila mmoja alisaini akidhani anamfurahisha mwenzake. Ukitaka tuandike nyingine tutakuja tuandike, tena wewe ndiye utatuchapia." Akasita, maana aliheshimu watu na hakutaka kumalizia vibaya. "Wasalimie nyumbani, shemeji."

Akakata. Alijisikia mwepesi mpaka akashika kioo cha gari asianguke. Tangu aolewe hajawahi kumjibu Karani hivyo. Bi Mwiko alikuwa amesimama, kitambaa mkononi, mdomo wazi.

Ilipofika saa nane Fundi Pole alikuwa amemwaga, amefuta, amekausha plagi, ametia lita nne kamili, akaonyesha alama kwenye kijiti mara tatu kwa kila mmoja wao kama anayefundisha watoto saa. Akampa Mama Dozi karatasi mpya ya kubandika juu ya kadi ya marehemu: *Usiongeze kitu. Chungulia tu.* Mama Dozi aliisoma, akaikunja vizuri, akasema hiki ni cheti halali. Mheshimiwa akawashwa. Alikohoa wingu moja la mwisho, dogo, akatulia, na sauti yake ikawa nzuri kiasi kwamba walidhani ni gari la mtu mwingine limepita.

Wakaondoka. Fundi aliwapungia, kinyozi aliwapungia, hata wale wa godoro. Nje ya mji barabara ilianza kupanda tena kuelekea chemchemi, jua limeinama kidogo, upepo unaingia dirishani. Bi Mwiko hakuimba. Alikaa ameshika mfuko wake mapajani kwa muda mrefu, jambo lisilo la kawaida kwake, mpaka Mama Dozi akaanza kuwa na wasiwasi.

"Wifi," Bi Mwiko akasema mwishowe. "Na siku likifa kweli? Si kwa shibe. Likifa kabisa."

"Tutapanda basi."

"Tutapanda. Wewe na nani?"

Mama Dozi aliingiza gia ya pili kwa ajili ya mlima.

"Kwani mimi nina wifi mwingine?" akasema.

Bi Mwiko, aliyewahi kumjibu mkuu wa shule mbele ya wanafunzi mia nne, safari hii alijibu kwa mkono. Aliunyoosha, akaushika mkono wa wifi yake uliokuwa juu ya gia, akaung'ang'ania, hakuuachia. Mlima ukaisha, barabara ikanyooka, magari yakawapita, na wao wakaenda kwa gia ya pili mpaka maji moto.